Fundi Gonga na Upanga wa Ndani ya Kioo

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa karakana, mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpiga ishara wa treni na mke wake mshona magodoro. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa mbele na kumbukumbu yake haijashika kutu, anasema watoto wengine wa mama yao walikuja duniani wakilia, ila huyu alinyamaza kwanza, akazungusha macho chumba kizima, ndipo akalia. "Alikuwa anakagua," asema dada yake. Jambo hilo hatuwezi kulithibitisha, lakini waliomjua marehemu hawatabisha.

Alianza kugonga vitu kabla hajaweza kutamka maneno sawasawa. Aligonga sufuria, mapipa ya maji, milango ya watu na vichwa vya kaka zake, kisha akatega sikio. Alitaka kujua ndani kuna nini. Jina la Fundi Gonga alipewa na watoto wenzake uani kwa kumcheka, akakua nalo mpaka likawa ndilo jina lake mjini, na likamfaa kuliko lile la kwenye vyeti.

Alipokuwa na miaka sita aliifungua saa ya mezani ya baba yake, ile iliyomwamsha kwenda zamu. Baba alirudi kutoka kazini akakuta matumbo yote ya saa yametandazwa mkekani. Majirani walishatega masikio wasikie kilio. Baba yake akavua kofia, akaketi palepale chini, akasema, "Kufungua hata mwizi anafungua. Kazi ni kurudisha. Haya, rudisha." Mtoto alirudisha, akatumia siku mbili na machozi mengi, na mwishoni kikabaki kiskrubu kimoja ambacho hakikupata pa kwenda. Tangu hapo saa ile ilikuwa inawahi kidogo, na baba yake hakuchelewa tena kazini mpaka alipostaafu. Maneno yale ya mkekani marehemu aliyabeba maisha yake yote, na watoto wake wameyasikia mpaka wameyachoka.

Masomo ya msingi aliyapata katika shule ya reli, kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha akaingia chuo cha ufundi, idara ya chuma, akahitimu mwaka 1971. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anauliza maswali kupita kiasi. Baba yake aliposomewa ripoti alidhani ni sifa, akamnunulia soda. Marehemu naye hakumsahihisha. Alisema kuuliza si ujinga, na soda si ya kukataa.

Mwezi Januari 1973 aliajiriwa katika karakana ya vifaa vya gwaride, ile iliyokuwa katikati ya duka la rangi na kibanda cha fundi viatu, yenye mlango wa bati la kijani. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao, na nyuma yake chumba kirefu kilichonuka mafuta ya mashine na ngozi mpya. Humo walitengeneza vifungo, mikanda, ngoma za bendi, na zaidi ya yote nakala za panga za kijeshi. Walizihitaji watu wa bendi, shule zenye vikosi vya vijana, vikundi vya maigizo, na wazee waliotoka jeshini wakatamani kitu cha kutundika ukutani. Stoo ya jeshi iliwaazima upanga mmoja halisi ili waupime kila upande, na mafundi wa karakana walikuwa na mikono ya ufundi. Nakala zao, zikiwa zimefungwa vizuri, kwa nje hazikutofautiana na mama yao.

Marehemu aliwekwa chumba cha nyuma kabisa, chenye dirisha moja kubwa na meza iliyotandikwa blanketi, awe mkaguzi. Kila upanga ulipita mikononi mwake kabla ya kufika kaunta. Wateja hawakumwona, naye hakuwaona. Hilo naomba mlishike, tutalirudia.

Mwanzoni alikagua kwa macho tu, kama wanavyokagua wengi. Mwaka 1975 akapitisha upanga mmoja uliong'aa vizuri sana, ukaenda kwa bendi ya mji. Siku ya mazoezi kiongozi wa bendi aliuchomoa kwa mbwembwe, akaupunga juu, akabaki na mpini mkononi. Bapa lenyewe liliruka likaenda kutoboa ngoma kubwa ya mzee mmoja aliyekuwa anapiga huku amefumba macho. Hakuna aliyeumia, ila mpiga ngoma alifungua macho akaona ncha ya upanga inamtazama, na inasemekana alihamia kwenye filimbi.

Marehemu aliuomba mpini ule. Alikuta kwamba upanga ulikuwa hauna mkia. Kwa wasiojua, upanga haukomi pale unapoonekana kukoma. Chuma cha bapa huendelea kikaingia ndani ya mpini mpaka mwisho wake, na kipande hicho kilichofichwa ndicho mafundi wanakiita mkia. Mkia ukiwa mpana na wa chuma kilekile, upanga una maisha. Huo wa bendi ulikuwa na kijiti cha chuma chembamba kilichochomelewa kwa haraka na mtu aliyetaka kuwahi nyumbani. Kijana alikitazama kwa muda mrefu. Alisikia aibu, na zaidi ya aibu alisikia hamu ya kujua: je, hizo nyingine alizozipitisha, ndani zina nini?

Kuanzia siku hiyo hakupitisha upanga ambao hakuuona mkia wake kwa macho. Alijichongea patasi ndogo ya kugongea alama, na kila mkia alioukubali aliutia vidoti vitatu vilivyokaa kama mafiga, kisha ndipo mpini ukafungwa juu yake. Alama ile haikuonekana tena na mtu yeyote. Mwenzake wa meza ya ngozi alimuuliza mara moja, "Sasa unaweka sahihi mahali ambapo hakuna atakayeiona, kwa faida ya nani?"

"Ya huyo atakayefungua," alijibu.

"Na asipofungua mtu?"

"Basi mimi najua."

Ukaguzi wake wenyewe ulikuwa wa kutazamwa. Kwanza aliushika upanga karibu na kikinga mkono, akautuliza juu ya kidole kimoja kutafuta mahali unaposimama bila kuegemea upande. Upanga uliotengenezwa vizuri, uzito wake hukaa karibu na mkono, na ule wa hovyo huvuta kuelekea nchani kama mtoto anayetaka kwenda dukani. Kisha alikaza ncha kwenye gogo akalikunja bapa taratibu, akaliachia. Likirudi likanyooka, sawa. Likibaki na kibyongo, alilisikitikia. Kisha aliutikisa karibu na sikio, kwa sababu mpini uliofungwa vibaya husema wenyewe. Mwisho aligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio ukifa. Akimaliza alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa mbili tu: "Huu mzima," au "Huu mgonjwa." Hakukuwa na mgonjwa kidogo.

Watu walidhani mtu wa namna hiyo angedharau nakala na kutukuza vya kale. Sivyo. Aliwahi kuletewa upanga na mkusanyaji mmoja wa vitu vya zamani, bwana mwenye suti, aliyeambiwa huko alikoununua kwamba ulipigana vita. Ulikuwa na kutu nzuri ya kahawia kila mahali. Marehemu aliunusa.

"Kutu ya siki hii," alisema. "Ina wiki mbili."

"Umejuaje?"

"Kutu ya kweli huanzia pembeni, kule kitambaa hakifiki. Hii imeanzia katikati, panapoonekana na mnunuzi. Lakini usihuzunike, bwana. Chuma chake ni kizuri, mkia wake mpana. Upanga mzima kabisa."

"Lakini ni wa bandia!"

"Ni nakala. Nakala siyo uongo. Uongo ni kuiita jina lisilo lake. Uite jina lake, kisha uupende."

Bwana yule aliondoka na upanga wake, na kila mwaka alikuwa akipita karakana kumsalimu.

Sasa tuje kwenye ndoa, maana ndiko mambo yalikofungiwa.

Mwaka 1980 marehemu alikutana na binti aliyekuwa karani katika ofisi ya posta, akamgongea kioo cha dirisha la stempu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akamwambia kwamba kioo kile kina ufa ambao bado haujaonekana. Binti alimwona mwendawazimu. Wiki iliyofuata kioo kikapasuka. Binti akaanza kumfikiria.

Tatizo lilikuwa baba wa binti. Mzee alikuwa sajini mstaafu, ndiye aliyetembea mbele ya kikosi kwenye magwaride akiwa na upanga begani, na watu wa mji mzima walimjua kwa mgongo wake ulionyooka. Alitoka jeshini mwaka 1977. Vijana wawili waliokuja kuposa kabla ya marehemu, mmoja mwenye duka na mmoja mwenye cheo, aliwahoji mpaka wakasahau walichofuata. Marehemu alikwenda akiwa na mshenga wake.

Alipoingia sebuleni hakumwona mzee kwanza. Aliuona upanga. Ulikuwa juu ya kiti cha mzee, ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, ukiwa ndani ya ala yake, umetundikwa juu kiasi kwamba mtu hawezi kuufikia bila ngazi. Mshenga alilazimika kumfinya ili aamkie.

Mzee alimtazama sana. Kisha akauliza, "Wewe ndiye unayekagua panga kule mlango wa kijani?"

"Ndiyo, mzee."

"Umewahi kupitisha upanga ambao hukuona mkia wake?"

"Nimewahi, mzee. Ulitoboa ngoma. Tangu huo, sijapitisha."

Mzee akageukia ndani akaita, "Leteni chai. Sina swali jingine."

Watu walishangaa. Mshenga alitembea na habari hiyo mwezi mzima, akidai ni ufundi wake wa kusema, ingawa hakuwa ametia neno. Hakuna aliyejua kwa nini mzee mgumu vile alilainika kwa swali moja. Ndoa ilifungwa tarehe 4 Aprili 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Marehemu alimpenda mke wake, na katika nyumba ya wakwe alikuwa na mpenzi wa pili aliyekaa ukutani. Kila walipokwenda kusalimia alisimama chini ya kile kisanduku na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Ulikuwa upanga halisi wa gwaride au nakala? Kwa nje usingeweza kusema. Yeye mwenyewe alishiriki kuhakikisha kwamba usingeweza kusema. Aliomba mara moja tu aushike. Mzee alicheka akamwambia, "Mkwe, tazama kwa macho. Mikono kaa nayo."

Wageni walipouliza, "Mzee, ndio upanga wako wa jeshini huo?" mzee alijibu, "Mzuri, eeh? Niliuchagua mwenyewe," kisha akaagiza chai. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Marehemu alilisikia jibu lile mara nyingi sana, na kila mara lilimwasha, asijue linamwasha wapi.

Mzee alifariki mwaka 1994. Siku ya maziko yake mke wa Fundi Gonga, akiwa amesimama karibu na maturubai, alimsikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Ule upanga wenyewe wa maigizo tu. Mzee alikuwa anatudanganya." Hakugeuka. Lakini neno lile lilimwingia, na kisanduku kilipoletwa kwao, maana mzee alikuwa amemwachia yeye, alikitundika sebuleni juu kabisa, akauficha ufunguo, akamkalisha mume wake kitako.

"Mume wangu, nikuulize. Ukiufungua ukaukuta mgonjwa, utasema?"

Marehemu alifikiri. Mkewe anasema alifikiri mpaka yeye mke akatamani asingeuliza.

"Nitasema," alijibu. "Siwezi kuuita mgonjwa mzima. Hata nikijaribu kwa ajili yako, uso wangu utasema."

"Basi usiufungue. Huyo ni baba yangu. Sitaki akaguliwe akiwa kaburini."

"Sawa."

"Apa."

Akaapa. Na hapo, ndugu waombolezaji, ndipo ilipokuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya marehemu: mtu aliyefungua saa akiwa na miaka sita aliishi chini ya upanga mmoja karibu miaka thelathini bila kuugusa. Ufunguo ulikuwa ndani ya kopo la sukari, chini ya mfuko. Aliujua ulipo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu aligonga kopo. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, anakumbuka kumkuta amesimama sebuleni mikono nyuma, shingo ameinua, anatabasamu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Baba, unatazama nini?" "Najiuliza," alisema. "Kujiuliza hakujakatazwa."

Kazini mambo yalibadilika. Kuanzia miaka ya tisini zilianza kuingia nakala nyepesi kutoka viwanda vya mbali, zinang'aa kama sufuria za zawadi, mipini imejazwa gundi, nakshi za bapa zimechapwa kwa mashine badala ya kuliwa na tindikali taratibu. Wengi walimtarajia azipige vita. Yeye alizifungua kwa hamu, mojamoja, na katika hizo aliwahi kukuta chache nzima, akazisifu hadharani mbele ya wenzake waliokuwa wamezicheka. Kizuri chajiuza, alisema, lakini na wewe uwe na macho ya kununua. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Karakana ilimpa saa ya ukutani. Aliifungua siku hiyohiyo, na safari hii hakikubaki kiskrubu.

Mwezi Oktoba 2021 marehemu alianza kukohoa, na vipimo vikaonyesha kwamba mapafu yamechoka. Alilazwa mara tatu. Mara ya kwanza aligonga chuma cha kitanda, akamwambia muuguzi, "Mwanangu, kitanda hiki kimechomelewa na mtu mwenye njaa. Mwambie fundi aangalie mguu huu wa kushoto." Muuguzi alicheka, fundi akaja, na mguu kweli ulikuwa na ufa. Aliwauliza madaktari mashine ya hewa inafanyaje kazi, kwa nini inalia vile, na nani aliyeikagua. Mara ya pili aliuliza machache. Mara ya tatu aliporudi nyumbani, mwaka huu wa 2023, mwezi Julai, hakuuliza kitu.

Kikohozi tulikizoea. Ukimya ule ndio uliotutisha. Mjukuu alimletea redio iliyoharibika, akaiweka mapajani na kumwambia asante, bila hata kuitikisa. Mkewe alisimama mlangoni akaona hilo. Akaenda jikoni. Tulisikia kifuniko cha kopo la sukari.

Ilikuwa alasiri, jua linapiga kwenye kitanda. Mama alipanda juu ya kiti mwenyewe, akakataa kushikiwa, akashusha kisanduku, akafungua kufuli, akaulaza upanga juu ya shuka mbele ya mume wake.

"Fungua," alisema.

Marehemu aliutazama upanga, kisha akamtazama mkewe. "Mke wangu, nimeapa."

"Uliniapia mimi. Nakuondolea."

"Nikiukuta mgonjwa nitasema."

"Sema. Nimekaa na hofu hiyo inatosha. Baba yangu atanisamehe, na asiponisamehe nitamweleza tukikutana. Wewe uliza, baba watoto. Uliza kitu."

Machozi yalimtoka marehemu, na hakuyafuta, maana mikono ilikwisha shika ala. Akauchomoa upanga nusu, akaurudisha, akauchomoa tena, akisikiliza. Akaugonga. Sote tulisikia mlio ule ukienda, ukienda, mpaka ukaishia mbali. Akautikisa karibu na sikio. "Kimya," alisema, na macho yake yakawa yale tunayoyajua. Nguvu za kulegeza kichwa cha mpini hakuwa nazo, akamwita binti yake mkubwa. "Mwanangu, lete koleo. Weka kitambaa kwanza usiukwaruze. Chini ya hicho kifuniko kuna nati. Taratibu. Kumbuka namna ilivyokaa, utairudisha."

Nati ililegea. Mpini ukatoka kipande kwa kipande, na kila kipande alikipanga juu ya shuka kwa zamu yake. Mkia ukabaki wazi. Ulikuwa mpana, wa chuma kilekile cha bapa, bila alama ya kuchomelewa. Na karibu na mwisho wake, pamoja na vumbi la miaka yote ile, palikuwa na vidoti vitatu vilivyokaa kama mafiga.

Marehemu alipitisha kidole gumba juu ya vidoti vile. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akakohoa, akarudi kucheka.

"Mgonjwa?" mkewe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Wetu," alisema marehemu. "Huu ni wetu. Nimeukagua mimi, kwenye dirisha langu."

Mama alikaa kitandani. "Kwa hiyo siyo wa jeshini. Kwa hiyo alitudanganya."

"Alisema lini kwamba ni wa jeshini? Kumbuka vizuri. Upanga wa jeshi ukistaafu unaurudisha stoo, ndiyo sheria. Aliurudisha. Akaja pale kaunta kama mteja mwingine, akachagua. Tulimuuliza kama ni wa jeshini, akatuambia ni mzuri na ameuchagua mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Sisi ndio tuliojijibu."

Kisha akakunja uso kama mtu anayetafuta mahali kitu kinapowasha, na safari hii akapajua.

"Kufuli lake, ngazi yake, 'mikono kaa nayo', yote ni ili tusiufungue sisi. Lakini kwanza yeye mwenyewe alikwisha ufungua, mke wangu. Mtu wa gwaride hatundiki upanga ambao hajauona mkia. Aliufungua akaona vidoti, akarudi kuuliza kaunta ni vya nani, wakamwambia kuna kijana chumba cha nyuma. Ndiyo maana aliniuliza swali moja." Akaupigapiga mkia kwa upole. "Miaka yote hii mimi nimesimama chini yake namkagua yeye. Kumbe yeye alikwisha nikagua, akanipitisha, kabla hata sijavua viatu mlangoni."

Mama alilia, na kilio chake kilikuwa na kicheko ndani. Baadaye akauliza, "Haya, hukumu?"

"Nakala," alisema marehemu. "Haijawahi kujiita kingine. Huu mzima."

Akataka kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa. Binti yake alirudisha, yeye akielekeza kwa kidole, na juu ya shuka hakikubaki kitu. Usiku ule alilala vizuri, na asubuhi akauliza ile redio iko wapi.

Siku zilizobaki aliuliza mengi. Aliiacha dunia tarehe 14 Agosti 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono, wakati fundi bomba akigonga mabomba ya jirani. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Hilo la pili lina hewa." Lilikuwa na hewa kweli.

Marehemu ameacha mjane, karani mstaafu wa posta, aliyemtunza kwa uvumilivu na kopo la sukari, binti yake mkubwa ambaye ni mwalimu wa hesabu, mwanawe wa kiume ambaye ni fundi majokofu, pamoja na mke wake, kitinda mimba wake ambaye ni muuguzi, wajukuu, ambao wawili kati yao wamekwisha fungua simu za wazazi wao na mmoja ameweza kurudisha, dada yake mkubwa, mashemeji, na wenzake wote wa mlango wa kijani. Ameacha pia patasi ndogo yenye vidoti vitatu, ambayo familia haijajua iende kwa nani, na haina haraka.

Kisanduku kimerudi ukutani, chini kidogo ya pale kilipokuwa, na kufuli limeondolewa kwa amri ya mama. Anayetaka kujua aje afungue. Sharti ni moja, na mnalijua tangu mkekani.

Ewe Mola, mpumzishe kwa amani mzee wetu Fundi Gonga. Na huko aliko, akikuta mlango uliofungwa, aruhusiwe kugonga, na awepo wa kumjibu.